Boriti: Mti Uliopima Upana wa Vyumba

Ukiingia nyumba kongwe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja, usihangaike na mlango. Kila mgeni hutazama mlango. Inua kichwa. Juu yako imelala safu ya miti, mingine ya mviringo, mingine imechongwa pembe nne, kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ndizo boriti, na juu yake watu wametandika mikeka, wakazaa, wakasali.

Neno sakafu lenyewe lina kisa. Limetoka kwenye saqf ya Kiarabu, yaani paa. Waswahili wakalichukua, wakalikanyaga. Si makosa: katika nyumba za ghorofa, paa la wa chini ndiyo sakafu ya wa juu.

Boriti hutoka mikokoni, hasa delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu: mkoko, msinzi, mkandaa. Wakataji wa Lamu huipa miti majina kwa unene wake, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti na nguzo, na huihesabu kwa korija, miti 20 kwa korija moja. Iliyo nyoofu na yenye nguvu ya kubeba sakafu haizidi sana mita 3. Ndiyo maana chumba cha kizamani ni chembamba na kirefu kama mtumbwi. Tajiri aliyetaka sebule kubwa aliongeza urefu. Upana alikwisha kupangiwa na mti.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa yale yale. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za kujengea nyumba za nchi zisizo na miti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia Rufiji na jahazi la Kuwait lililofuata shehena hiyo, na safari yake akaiandika katika Sons of Sindbad. Kwa hiyo mzee wa Kuwait aliyelala chumba chembamba alikuwa amepimiwa na shoka la Rufiji. Upande wa Lamu, Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Juu ya boriti mafundi walipanga mawe ya matumbawe, wakamwaga kifusi na chokaa mpaka sakafu ikawa nene kupita shubiri. Kisha ikapigwa. Watu walijipanga safu, kila mmoja na kibao chake, wakapiga kwa kufuata wimbo, siku baada ya siku, hadi chokaa ikashikana. Siku hizi watu husimulia nyimbo hizo kama ngoma ya harusi. Wengi wa wapigaji walikuwa watumwa, na kazi ya wimbo ilikuwa kulinganisha mapigo.

Sakafu ya namna hiyo huishi miaka mingi, ila haitaki maji. Mti wa mkoko una tanini nyingi na mchwa hawaupendi, lakini unyevu ukiingia ukutani, boriti huanza kuoza nchani, mle ilimochomekwa, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi mmoja mzee alinionyesha hilo katika nyumba moja ya Unguja. Aligonga boriti katikati ya chumba kwa mpini wa patasi, ikajibu sauti kavu. Akasogea akigonga hadi karibu na ukuta, na hapo mlio ukawa wa papai bivu. Akachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Huyu kafa zamani," akasema. "Anashikiliwa na wenzake."

Juu ya pale pale, mpangaji alikuwa amejenga bafu na kulisakafia kwa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa; ukiuziba kwa saruji, maji hubaki humo ndani na boriti. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa familia kadhaa kwa pamoja. Anayevujiwa akawa si mwenye nyumba, na mwenye nyumba akawa havujiwi. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa 1985, UNESCO ikauorodhesha mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Mvua za masika hazikusubiri vyeti hivyo.

Mwenye nyumba ile ya boriti iliyooza alitaka zege. Fundi akakataa: kuta hazikujengwa kwa mzigo huo. Akaegemeza dari kwa nguzo za muda, akafungua mawe ya juu, akatoa boriti iliyooza vipande vipande, akasafisha tundu na kulipaka chokaa iliyozimwa siku nyingi. Boriti mpya, iliyomenywa na kukauka, ikanyanyuliwa na vijana wawili.

Ikawa fupi kwa vidole vinne. Fundi akautazama ukuta wa pili, ulioinama kwa nje bila mtu kugundua, akashuka ngazi kwenda kuchagua nyingine.