Quanzhou, mji ulioficha wageni ukutani

Msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Zaitun katika miaka ya 1340, alihesabu bandari hiyo miongoni mwa zilizo kubwa kabisa duniani. Si mtu wa kubabaishwa na bandari huyo: Mombasa na Kilwa alikwisha kuzipitia tangu mwaka 1331.

Zaitun ndilo jina la Waarabu kwa Quanzhou, mji wa jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China. Ukipita Mtaa wa Tumen unakutana na lango refu la mawe la Msikiti wa Qingjing, jirani kabisa na hekalu la Guandi ambako moshi wa ubani haukatiki. Maandishi ya Kiarabu langoni yanasema msikiti ulijengwa mwaka 400 Hijria, yaani 1009 Miladia, na ukakarabatiwa mwaka 1310 na mtu wa Shiraz. Washirazi haohao ambao masimulizi ya Kilwa yanawataja kuwa waasisi wa mji! Ukumbi wa sala umebaki kuta tupu, paa lilikwisha kuanguka zamani.

Magharibi, kwenye mtaa wa kale wa Xijie, lipo hekalu la Kibudha la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686, na minara yake miwili ya mawe ya karne ya 13. Nyuma ya jumba kuu zimesimama nguzo mbili zilizonakshiwa hadithi za miungu ya Kihindu. Zilitoka kwenye hekalu la wafanyabiashara wa Kitamili, zikapata kazi mpya kwa Wabudha.

Mawe ya Quanzhou yana tabia hiyo ya kuhamahama, na si mara zote kwa heri. Kati ya mwaka 1357 na 1366 askari wenye asili ya Uajemi waliuasi utawala wa Wamongolia, na maasi yalipozimwa wageni wengi waliuawa. Mawe ya makaburi yao, ya Waislamu na Wakristo, yakaja kutumika kujengea ukuta wa mji. Yalikaa humo karne kadhaa. Ukuta ulipobomolewa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mwalimu wa shule, Wu Wenliang, alianza kuyaokota na kuyanunua kwa waashi waliokuwa wakiyachonga upya. Kitabu chake kuhusu mawe hayo kilitoka mwaka 1957. Bila yeye, sehemu kubwa ya historia hii ingekuwa leo ngazi na misingi ya nyumba.

Biashara ilipotea kwa sababu nyingine pia. Wafalme wa China wa enzi ya Ming waliwazuia raia kusafiri baharini kwa biashara binafsi, mchanga ukaijaza bandari, na Waingereza walipolazimisha bandari zifunguliwe mwaka 1842, katika Fujian walichagua Xiamen na Fuzhou. Quanzhou ikarukwa. Pengine kurukwa huko ndiko kulikoiponya mitaa yake.

Hata hivyo nyuzi za pwani yetu hazijakatika. Katika makaburi ya Lingshan lipo jiwe la mwaka 1417 linaloeleza kwamba jemadari Zheng He alifukiza ubani hapo kabla ya safari, na ni msafara huo uliofika hadi Malindi. Kajengwa, huko Unguja, mwaka 1945 ziliibuka ardhini sarafu nyingi za Kichina, zaidi za enzi ya Song, enzi ambayo Quanzhou ilifunguliwa ofisi ya ushuru wa meli, mwaka 1087.

Nje kidogo ya mji, kijijini Xunpu, kuta za nyumba za kale zimefunikwa makombe makubwa ya chaza, yaliyopangwa kimshazari safu juu ya safu, mdomo ukielekea chini ili mvua iteleze. Wenyeji husimulia kwamba makombe hayo si ya bahari yao: yalipakiwa ng'ambo, hata Afrika Mashariki, kuzipa uzito meli zilizorudi zikiwa nyepesi. Ushahidi wa mwisho haujapatikana. Tangu UNESCO ilipoiorodhesha Quanzhou katika Urithi wa Dunia mwaka 2021, wageni wamefurika Xunpu, wengi wakikodi taji za maua wanazovaa wanawake wa kijiji ili wapigwe picha mbele ya kuta hizo, na maduka ya kukodisha yameota hadi vichochoroni.