Matumbawe magumu ya akwariamu

Matumbawe magumu ya akwariamu ni wanyama wa oda ya Scleractinia wanaofugwa katika matangi ya maji ya chumvi kwa ajili ya umbo na rangi zao. Kinachowatenga na matumbawe laini ni kiunzi cha jiwe ambacho mnyama hujijengea chini ya nyama yake. Jiwe hilo ni aragoniti, yaani kalsiamu kaboneti, ndilo lile ambalo mafundi wa Kilwa na Gedi walilichonga kuwa fremu za milango na vibla vya misikiti, na ambalo pwani nzima ililichoma kupata chokaa. Ndani ya tangi mambo huenda kinyume: chokaa hutiwa majini ili mnyama ajenge jiwe.

Tumbawe moja kwa kawaida ni kundi la polipu wengi walioungana nyama, kila mmoja akiwa na mdomo na minyiri ya kunasa chakula. Katika seli zao huishi mwani wa seli moja, wa familia ya Symbiodiniaceae, unaotengeneza sukari kwa nuru na kumpa mwenyeji sehemu kubwa ya nishati anayoihitaji. Mfugaji basi ana viumbe wawili katika umbo moja. Mwani unataka nuru na virutubisho. Mnyama anataka mkondo wa maji, chakula na madini ya kujengea. Hasara nyingi katika matangi huanzia pale mmoja wao anapopendelewa.

Historia

Ufugaji huu una umri mkubwa kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1846 Anna Thynne, Mwingereza, alisafirisha matumbawe ya bahari za baridi kutoka Torquay hadi London, akayaweka hai kwa maji ya bahari yaliyomiminwa mara kwa mara ili yapate hewa. Matumbawe ya tropiki yalikuwa magumu zaidi kuyamudu, na ilichukua zaidi ya karne moja. Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye makala yake ilichapishwa Marekani mwaka 1961, alitumia mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado yamejaa viumbe, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, basi. Wasomaji wengi wa wakati ule walimtilia shaka, hasa waliojaribu kumwiga katika nchi zisizo na jua lake. Mawe hai hayo, yenye bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati, ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa karibu kila tangi la matumbawe.

Hatua iliyofuata ilipigwa Ulaya. Peter Wilkens alieneza matumizi ya maji ya chokaa, na wafugaji wa Berlin wakayaunganisha na mawe hai, taa kali na mashine ya povu, ambayo hukusanya uchafu wa protini kwenye mapovu na kuutoa kabla haujaoza. Mtindo huo ukaitwa wa Berlin. Dietrich Stüber wa mji huohuo aliotesha Acropora, akaikata na kuwagawia wenzake, nao wakaendelea kukata na kugawa. Vipande vyake vilivyotapakaa duniani ni mnyama mmoja, mwenye jeni zilezile, anayeishi katika nyumba nyingi zisizojuana.

Aina

Wafugaji huyagawa matumbawe haya kwa ukubwa wa polipu. Mgawanyo huu ni wa sokoni, haumo katika taksonomia, lakini unamsaidia mnunuzi. Wenye polipu wadogo ni kina Acropora, Montipora, Stylophora, Pocillopora na Seriatopora: matawi, sahani na vichaka vinavyotaka nuru kali, maji yenye nguvu na utulivu wa kemia. Wenye polipu wakubwa, wakiwemo Euphyllia, Caulastraea, Lobophyllia, Trachyphyllia na Micromussa, wana nyama nene, huvumilia nuru ya wastani na hukubali kulishwa vipande vya kamba au samaki. Anayeanza aanze na hawa. Acropora katika tangi lenye umri wa miezi miwili ni pesa iliyotupwa, hata kama muuzaji atasema vingine.

Tubastraea, tumbawe la rangi ya machungwa, liko peke yake katika hesabu hii. Halina mwani kabisa, halihitaji taa, na polipu wake wasipolishwa mara kwa mara hudhoofika kidogo kidogo mpaka kundi lote life. Uzuri wake huwavutia watu wasio na muda wa kulilisha.

Rangi

Kahawia ya matumbawe ni ya mwani. Rangi nyingine, kama kijani kinachong'aa, nyekundu, buluu na zambarau, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye protini zinazotengenezwa na mnyama mwenyewe. Baadhi ya protini hizo humeza mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani au mwekundu. Nyingine humeza tu bila kung'aa. Sayansi imefaidika nazo: mwaka 1999 watafiti wa Urusi walitangaza protini nyekundu ya Discosoma, jamaa laini wa matumbawe magumu, waliyoipata kwa wanyama waliofugwa katika akwariamu mjini Moscow. Protini hiyo sasa hutumika katika maabara nyingi kutia alama seli zilizo hai.

Kazi mojawapo ya protini hizi ni kumkinga mwani dhidi ya nuru iliyozidi. Ndiyo maana tumbawe lililohamishwa karibu na taa huanza kupata rangi kwenye ncha, ambako nyama ni changa na mwani haujajaa. Ndiyo maana pia rangi si cheti cha afya. Tumbawe lenye mwani mwingi huonekana kahawia ingawa limeshiba. Mwani ukipungua, protini hujitokeza na tumbawe linapendeza. Ukipungua zaidi, nyama inakuwa kioo na jiwe jeupe linaonekana chini yake. Kupauka kwa namna hii ndiko kulikoyakumba matumbawe ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto la kupita kiasi. Mwaka 2020 kundi la Jörg Wiedenmann na Cecilia D'Angelo katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, lilieleza kwa nini baadhi ya matumbawe yanayopauka huwaka rangi kali badala ya kuwa meupe: mwani unapotoka, nuru nyingi hurukaruka ndani ya nyama, na mnyama hujibu kwa kuongeza protini za kinga.

Mfugaji anayetafuta rangi anatembea katikati ya njia hiyo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba nitrati na fosfati zishushwe hadi sifuri kwa kuwa miamba ya tropiki ina maji masafi. Hoja hiyo ilisahau kwamba mwamba wa baharini hupitiwa na planktoni mchana na usiku, ilhali tangi lenye maji masafi na lisilo na chakula ni njaa. Kundi hilohilo la Southampton lilionyesha mwaka 2013 kwamba nitrati ikiwa nyingi na fosfati ikikosekana, mwani hupungukiwa na fosforasi na tumbawe hupauka kwa joto au nuru ambayo lingeivumilia. Siku hizi wengi huacha nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita na fosfati kati ya 0.02 na 0.1, na huogopa sifuri kuliko ziada ndogo.

Kuhusu picha za matangazo: nyingi hupigwa chini ya taa za buluu tupu, ambazo huwasha kila protini inayong'aa na kuficha kahawia. Mnunuzi ana haki ya kuomba taa nyeupe iwashwe.

Maji, chumvi na chokaa

Maji ya tangi hutengenezwa kwa chumvi maalumu na maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume, kwa kuwa maji ya bomba huleta fosfati, shaba na klorini. Chumvi hulengwa gramu 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Maji yanapokauka chumvi hubaki, hivyo kinachoongezwa kila siku ni maji matamu, yasiyo na chumvi. Wanaoongeza ya chumvi hushangaa baada ya wiki chache.

Baada ya hapo hesabu kubwa ni ya jiwe. Polipu huchukua kalsiamu na bikaboneti kutoka majini. Uwezo wa maji kutoa bikaboneti hupimwa kwa kipimo cha Kijerumani kiitwacho KH: bahari ina digrii 7 hivi, kalsiamu yake ni takriban miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Kila digrii moja ya KH inayotumika huondoka na miligramu 7 hivi za kalsiamu. Kwa uwiano huo KH huporomoka mapema na kwa ghafla, wakati kalsiamu bado inaonekana tele. Tangi lililojaa Acropora linaweza kula digrii moja kwa siku. Kwa hiyo kipimo cha KH ndicho cha kununua kwanza, na ndicho cha kurudia mara nyingi. Magnesiamu haijengi sana, lakini huzuia kalsiamu na kaboneti zisigandiane zenyewe kwenye pampu na hita kabla tumbawe halijazifikia.

Njia za kurudisha kilichotumika ni kadhaa. Maji ya chokaa ndiyo ya kale na ya bei nafuu: kalsiamu hidroksidi, gramu zisizofika 2 katika lita moja, huachwa itulie kisha maji yake maangavu hudondoshwa tangini tone kwa tone. Hidroksidi hunasa kaboni dayoksaidi iliyomo majini na kuwa bikaboneti, hivyo mnyama hupata vitu vyote viwili kwa mkupuo. Maji hayo yana pH ya zaidi ya 12 na huunguza, ndiyo maana hudondoshwa taratibu, aghalabu usiku, mwani unapoacha kutumia kaboni dayoksaidi na pH ya tangi kushuka. Chokaa iliyotumika iwe safi ya daraja la chakula. Ile ya waashi, iliyochomwa kwa kuni, imechanganyika na majivu na udongo. Ni nzuri kwa ukuta.

Matangi yanayokua hupita uwezo wa chokaa. Hapo hutumika njia ya Mjerumani Hans-Werner Balling, ya miyeyusho iliyotengwa ya kalsiamu, bikaboneti na chumvi nyingine inayopimwa kwa pampu ndogo, au chombo chenye changarawe ya matumbawe kinachopitishiwa kaboni dayoksaidi ili maji yenye asidi kidogo yayeyushe jiwe la zamani. Mabishano juu ya ipi bora hayaishi, na hayana maana kubwa. Matumbawe hustawi kwenye KH ya 7 na kwenye KH ya 10. Kinachoyachoma ncha ni KH inayoruka kutoka moja hadi nyingine kwa siku moja.

Nuru na mkondo

Nuru inayofaa mwani hupimwa kwa mikromoli za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde. Wenye polipu wakubwa hutosheka na 50 hadi 150. Acropora hupewa 200 hadi 400. Taa za LED zimechukua nafasi ya taa za halidi kwa sababu ya umeme na joto, ila hutoa vivuli vikali, na matawi ya chini hufa kimyakimya. Kipande kipya huwekwa chini kwanza, kisha hupandishwa kwa wiki kadhaa.

Mkondo haupewi heshima inayostahili. Maji yasipopita, utando wa maji tuli hushika nyama, oksijeni haitoki mchana wala haiingii usiku, na takataka hukwama kati ya matawi. Pampu moja inayovuma upande mmoja daima haitoshi. Maji yabadilike mwelekeo. Euphyllia wanataka minyiri iyumbe tu, wakipigwa hujikunja. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Mombasa au Muscat tatizo la kwanza huwa ni kupoza, na la pili ni umeme kukatika: pampu ya hewa ya betri huokoa tangi kwa saa ambazo maji yangekosa oksijeni.

Vipande, majirani na wadudu

Tumbawe la matawi hukatwa kwa koleo, la kifundo kwa msumeno wa maji, na kipande hugandishwa kwa supaglu kwenye kijiwe. Jeraha hufunikwa na nyama ndani ya siku au wiki. Acropora nyingi zinaweza kurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka. Porites ya kifundo huongeza sentimita moja hivi. Nafasi huachwa kwa sababu matumbawe hupigana: Galaxea na Euphyllia hurusha usiku minyiri mirefu yenye seli za sumu, na wengine humwaga nyuzi za tumboni juu ya jirani na kummeng'enya akiwa hai.

Kila kipande kipya huchovywa kwenye dawa na kutengwa kabla ya kuingia tangini. Anayetafutwa ni mnyoo bapa Prosthiostomum acroporae, mwenye rangi ya tumbawe analolila, ambaye mara nyingi hujulikana kwa alama za kuumwa na mayai yake kwenye jiwe lisilo na nyama. Dawa humwangusha mnyoo na kuyaacha mayai, hivyo uchovyaji hurudiwa. Kusugua au kuchemsha mawe yenye zoantidi, majirani wa kawaida wa matumbawe magumu, ni hatari kwa mtu mwenyewe: baadhi yao wana palitoksini, na mvuke wake umewalaza hospitali familia nzima.

Biashara na uzazi

Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na kuyang'oa ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti au Chumbe ni kosa. Indonesia, muuzaji mkubwa, ilisimamisha usafirishaji mwaka 2018 na kuurejesha mwaka 2020 kwa matumbawe yaliyooteshwa. Kipande kilichokatwa kwa mfugaji jirani hakina mlolongo huo, na tayari kimezoea taa na chumvi ya tangini.

Kukata ni kunakili. Hakuzai kizazi kipya. Uzazi wa mayai kwa sehemu kubwa ulibaki wa baharini mpaka Jamie Craggs na wenzake katika Horniman Museum, London, walipoiga ndani ya tangi joto la misimu, urefu wa mchana na mwanga wa mwezi wa miamba ya asili. Mwaka 2017 walitangaza kwamba aina nne za Acropora zimetoa mayai na mbegu kwa njia hiyo. Mwaka 2019 Florida Aquarium ya Marekani ilifanikiwa kwa Dendrogyra cylindrus wa Atlantiki, tumbawe linalokaribia kutoweka huko. Kilichobaki kigumu ni kuwakuza wachanga, wenye upana wa milimita moja hivi, wanaofunikwa na mwani wa kawaida kabla hawajajenga kitu. Timu ya Craggs iliwaweka pamoja na wachanga wa urchini Mespilia globulus, ambao huukwangua mwani huo, na Acropora millepora wengi zaidi wakanusurika.