Jumuiya Ndogo Ndogo: Jinsi Biblia Ilivyoingia Majumbani

Mkatoliki wa Tanzania au Kenya akiulizwa anasali wapi, aghalabu hutaja majina mawili: la parokia yake, na la mtakatifu aliye somo wa jumuiya yake. Jina hilo la pili ni la kaya chache za jirani ambazo hukutana mara moja kila juma, leo kwa huyu na juma lijalo kwa yule, ili kulisoma Neno la Mungu na kushauriana juu ya mambo yanayowahusu. Desturi hii imezoeleka kiasi cha vijana kudhani kwamba ilikuja pamoja na wamisionari wa kwanza. Kumbe umri wake ni miongo michache tu, na waliokuwapo ilipoanza wangali wako wa kusimulia.

Biblia yenyewe ilitangulia zamani. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, hakukawia kuanza kazi ya tafsiri; Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilipigwa chapa mwaka 1891, ya Mombasa ikafuata mwaka 1914, na ile ya Muungano, iliyokusudiwa kusomwa bara na pwani, ikatoka mwaka 1952. Kazi hiyo ilikuwa ya Waprotestanti, nao ndio waliotangulia kuonja matunda yake: tangu miaka ya 1930 uamsho uliotokea Gahini nchini Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwakusanya watu katika vikundi vidogo vya kusoma Maandiko na kuungamiana makosa mbele ya ndugu. Kwa Wakatoliki wa siku hizo mambo yalikuwa mbali na hayo: Misa ilisomwa kwa Kilatini, muumini alihifadhi katekisimu kwa moyo, na Maandiko aliyapokea kinywani mwa padre.

Aliyewafungulia Wakatoliki mlango wa Maandiko ni Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Hati yake ya liturujia, ya mwaka 1963, iliruhusu lugha za watu zitumike katika ibada. Na ile ya ufunuo wa Mungu, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, iliagiza kwamba waamini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko Matakatifu. Lakini amri ya Roma, hata iwe njema namna gani, haiwezi kumkalisha mkulima wa Mara au mchuuzi wa Nairobi mbele ya kitabu asipokuwapo mwenziwe wa kukisoma naye. Fauka ya hayo, mapadre walikuwa haba na parokia zilikuwa kubwa mno, hata kigango cha mbali kiliweza kupitisha Jumapili nyingi pasipo Misa, kikilelewa na katekista peke yake.

Ni katika dhiki hiyo ndipo majaribio yalipoanza. Katika parokia ya Nyarombo, jimbo la Musoma, kwenye nchi ya Wajaluo wa Mara Kaskazini, vikundi vya namna hii vilianza kuundwa mwaka 1966. Wakati huohuo mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliyachunguza makanisa huru ya Wajaluo wa sehemu zilezile, akitaka kujua yanawavutaje watu. Akaona kwamba nguvu yao ilikuwa katika udogo wa makundi yao, ambamo kila mtu alijulikana kwa jina, alikuwa na kazi yake, na akiugua alitazamwa. Somo hilo Wakatoliki hawakulidharau.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, waliounda umoja wao wa AMECEA mwaka 1961, walikutana Nairobi mwaka 1973 kutafakari mustakabali wa Kanisa katika muongo wa 1980, wakakata shauri kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya zilezile ambamo watu huishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka 1976 wakakutana tena mjini humo na kuufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kazi ya kwanza ya kichungaji katika nchi zao. Na mwaka 1979, huko Zomba nchini Malawi, wakaketi kupima kilichofanyika. Wako wasemao kwamba wazo hili liliazimwa Amerika ya Kusini, ambako maaskofu waliokutana Medellín mwaka 1968 walizisifu jumuiya za msingi. Lakini Nyarombo ilitangulia kwa miaka miwili, na maaskofu wa Kongo walikwisha kunena juu ya jumuiya hai tangu mwaka 1961. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa na wepesi wa pekee: watu waliokwisha kuzoea balozi wa nyumba kumi, na waliosikia wito wa ujamaa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, hawakuona ajabu kuambiwa kwamba Kanisa nalo lina makao yake mtaani.

Ilibaki kujua namna ya kusoma. Hapo ndipo ilipofaa kazi ya Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambako Fritz Lobinger na Oswald Hirmer walitunga njia ya hatua saba ya kushirikishana Injili. Katika ua wa nyumba mkeka hutandikwa, viti vya kuazima hupangwa, na Biblia huwekwa mezani kando ya mshumaa. Kwanza mmoja humkaribisha Bwana kwa sala. Kisha somo, aghalabu Injili ya Jumapili ijayo, husomwa polepole. Hatua ya tatu kila mtu hulitaja neno au fungu lililomgusa, bila kulieleza, na wengine hulirudia. Anayeuza mboga sokoni huchagua lake, mwalimu mstaafu lake, na hakuna wa kumsahihisha mwenziwe. Hufuata kimya, kisha somo husomwa tena, na kila mmoja husema amesikia nini moyoni mwake. Hatua ya sita huuliza la kufanya: nani mgonjwa, mtoto wa nani amekosa ada, ni mji gani uliofiwa. Ya saba ni sala.

Hatua ya sita ndiyo iliyoifanya jumuiya ipendwe na wasiojua kusoma kitabu, maana katika msiba wao huja mapema na huondoka baadaye. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyofanyika Roma mwaka 1994, ililitazama Kanisa kuwa familia ya Mungu, na waraka wa Papa Yohane Paulo II uliotiwa sahihi Yaoundé mwaka 1995 ukazihimiza jumuiya hizi kwa uwazi.

Hata hivyo insafu yataka tuseme na kasoro. Kwa kuwa jumuiya ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, parokia nyingi zimeona sahali kuitumia kukusanya zaka na michango ya ujenzi, na kumtaka anayeleta mtoto kubatizwa, au anayetaka kufunga ndoa, alete kwanza barua ya mwenyekiti wake. Utaratibu huo una faida yake, lakini pale ambapo daftari la michango hufunguliwa kabla ya Biblia, na somo likapunguzwa ili hesabu zipate nafasi, wanaume na vijana huwa wa kwanza kutoonekana, na kina mama hubaki kubeba mzigo wote. Historia ya jumuiya yaonyesha kwamba zilisimama kwa mambo mawili yaliyokwenda sanjari, Neno na jirani. Basi wenyeviti na mapadre walezi walinde saa ya somo kwanza, na hesabu zingoje mwisho.