Arobaini ya Mzazi na Saa za Kazi

Kamati ya kijitabu ilituomba tuandike historia. Mwanzo wa kikundi na hesabu za miaka kumi mtazisoma kwenye kurasa za mwenyekiti na mweka hazina. Sisi tumechagua jambo linalozungumzwa kila wiki baada ya sanduku kufungwa: kazi na nyumba zinavyougombea mwili wa mtu mmoja.

Wapo wanaosema eti ugomvi huu umeletwa na akina mama kuingia maofisini. Sisi watu wa Tanga tunajua si kweli. Mkonge uliingia na Wajerumani mwaka 1893, na mashamba yakataka watu wengi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata Burundi. Hao ndio manamba, waliojulikana kwa namba kuliko kwa majina ya baba zao. Walifanya kazi kwa kipande, ile kadi ya siku 30, na mshahara ulipigiwa hesabu ya kapera hata kama mtu ana mke na watoto watano. Mwajiri alijua fika kwamba huko kijijini mke yupo, analima, anachota maji, anauguza wakwe. Basi mkonge ule uliwachosha wawili, akalipwa mmoja. Kule Kenya, mwaka 1954, kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Carpenter ilikubali kwamba mshahara wa kapera haulei familia.

Lakini akina mama walikuwa na sheria yao kabla ya serikali yoyote. Pwani hii mzazi anakaa arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga, na haingii jikoni. Bibi zetu hawakusoma udaktari, lakini walijua kwamba mwili uliofunguka unataka muda wa kujifunga. Sasa tazameni: mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington, lilipitisha mkataba kwamba mwanamke wa kiwandani au wa biashara asifanye kazi wiki sita baada ya kujifungua. Wiki sita ni siku 42. Wakubwa wale wa Ulaya na Marekani walizidi arobaini yetu kwa siku mbili tu! Hatusemi walituiga. Tunasema mwili wa mzazi ni ule ule, awe Manchester au Pangani.

Kwetu likizo ya uzazi yenye malipo ilipiganiwa sana, na UWT walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa ili kila mwanamke mwajiriwa aipate, mwenye mume na asiye na mume, mara moja kila miaka mitatu. Lile la asiye na mume lilizua maneno mengi, kana kwamba mtoto wa nje ya ndoa hanyonyi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikaweka siku 84, siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba akapewa siku tatu. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2007, walimpa baba wiki mbili. Siku tatu hata kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Wengine wetu hudhani kwamba nchi zilizoendelea zimeshamaliza tatizo hili. Wapi! Japani wana neno karoshi, maana yake kifo cha kazi nyingi. Mwaka 1969 kijana wa miaka 29, aliyefanya kazi katika idara ya usafirishaji ya gazeti kubwa, alifariki kwa kiharusi. Ilichukua hadi 1974 kukubaliwa kwamba kilichomuua ni kazi, familia ikalipwa fidia. Mwaka 1988 wanasheria walifungua simu ya kupokea malalamiko ya namna hiyo, na wengi waliopiga walikuwa wake za wafanyakazi. Mume anatoka alfajiri, anarudi usiku wa manane, mke analea peke yake kama mke wa manamba, ila huyu mumewe analala nyumba hiyo hiyo. Wafiwa hawakunyamaza, na mwaka 2014 bunge la Japani likapitisha sheria ya kuzuia karoshi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi walitoa hesabu: mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wengi wao wanaume. Lakini saa zilizohesabiwa ni za kazi ya kipato. Kupika, kufua, kukesha na mgonjwa hazimo. Mama anayefunga genge saa moja usiku na kuanza kuchambua mchele, saa zake zinaishia gengeni.

Na hapo ndipo tunapoguswa. Katika kikundi chetu walioajiriwa ni wachache: wauguzi, walimu, dada wa posta. Wengi ni wa mboga, wa samaki, wa cherehani, wa maandazi. Siku 84 za sheria hazimfikii muuza dagaa, kwa kuwa hana mwajiri wa kumwomba ruhusa. Tumewaona wenzetu wamerudi sokoni wiki ya pili, mtoto yuko ndani ya boksi chini ya meza, mama miguu imevimba, anasema hajambo.

Kwa ajili hiyo mfuko wa jamii hutoa msaada kwa mwanachama aliyejifungua. Si mkopo, hadaiwi. Unamtosha kutimiza arobaini bila kufungua biashara, na mwenzake mmoja humshikia meza asipoteze wateja. Sasa wapo wanaotaka msaada ufike siku 84, ili wa sokoni awe sawa na wa ofisini. Mweka hazina anasema mfuko hautabeba bila mchango wa kila wiki kupanda, na akina mama wazee, ambao hawatazaa tena, wanauliza kwa nini walipe. Mmoja wao alimjibu mwenzake: nani alikukanda wewe? Hoja iko kwenye ajenda ya mkutano mkuu, na kura itakuwa ya siri.