Sauti Ivukayo Mipaka

Watu wa pwani husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ni pembe tu, na mlio wake hauna hata neno moja ndani yake. Lakini zamani mji mzima uliufahamu, kwa kuwa wote walikwisha kupatana juu ya maana yake. Mgeni aliyeshuka chomboni siku ileile aliusikia kama wenyeji, ila hakujua kama aitwa au afukuzwa. Basi historia ya kupelekeana habari ni historia ya mapatano, si ya mitambo peke yake.

Itazame telegrafu. Kabla ya mwaka 1865, dola za Ulaya zilikuwa na nyaya, kanuni na bei mbalimbali. Mara nyingi habari ilipofika mpakani iliandikwa kwa mkono, ikakabidhiwa karani wa nchi ya pili, naye akaipeleka upya. Tarehe 17 Mei 1865, dola 20 zilitia sahihi mapatano mjini Paris, na huo ndio mwanzo wa Umoja wa Kimataifa wa Telegrafu. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Adeni ulifika Unguja, na pwani yetu ikaingia katika mazungumzo ya dunia.

Zaidi ya miaka mia moja baada ya mapatano ya Paris, taabu ileile ilirudi kwa sura nyingine. Ofisi nyingi za ng'ambo zilinunua mitambo ya kuhifadhi sauti ya mtu aliyepiga simu asimkute amtakaye. Kila mtengenezaji aliihifadhi sauti kwa namna yake, hata ujumbe ulioachwa katika mtambo mmoja haukuweza kupelekwa katika mwingine. Mwaka 1990 kanuni ya pamoja ilitolewa: mtambo mmoja uliupigia mwingine simu, ukajitambulisha kwa milio, kisha ukaicheza sauti nayo ikanaswa upya. Huyo alikuwa karani wa mpakani amerudi, na kila aliponakili, sauti ilipungua uzuri wake. Mwaka 1996 ilitangazwa njia bora zaidi: sauti iligeuzwa tarakimu, ikatiwa katika bahasha ya barua pepe ambayo mitambo yote ingeweza kuifungua.

Mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Bofa? Nilipokuwa mtoto, wazee wasiojua kusoma waliniletea barua niwasomee. Niliwasomea, na hivyo nikajua madeni na ugomvi wa nyumba ambazo hazikunihusu. Mwaka 2013 WhatsApp ilianza kupeleka ujumbe wa sauti, na leo mama aweza kusema na mwanawe aliye Muscat kwa Kigiriama, pasiwe na msomaji kati yao. Lakini mwana akitumia huduma nyingine, sauti ya mama hukoma mlangoni. Ndipo mjukuu huitwa, akaicheza kwa simu moja na kuinasa kwa ya pili. Na siri ya mama imekwisha kupata sikio la tatu.

Je, milango hiyo haifunguki? Katika Kenya, mwaka 2018 makampuni ya simu yalianza kuruhusu fedha zivuke moja kwa moja toka mtandao mmoja hadi mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inazitaka huduma kubwa kabisa za ujumbe zipokeane na nyingine zinazoomba, ujumbe wa sauti ukiwamo. Lakini haki hiyo ni ya watu wa Ulaya. Kazi si nyepesi, maana huduma mbili hazina budi kupatana hata juu ya kufuli linaloilinda siri. Tena mwenye wateja wengi haoni haja ya kumfungulia jirani.

Vijana, wengine wenu mtakuwa mafundi, na wengine watunga sheria. Fundi ataweza kuijenga njia. Lakini mtu asiyejua kusoma hataitumia mpaka wenye milango wakubali, au walazimishwe, kupatana.