Kilichoungua Ni Kipi?

IBM ilipozindua kompyuta yake ya PC mwezi Agosti 1981, iliiwekea daktari wake humo humo ndani. Kila ikiwashwa, mashine hujikagua kabla ya kufanya lolote, na ikijiona nzima hutoa mlio mmoja mfupi. Milio ikizidi, au ikikosekana kabisa, kuna ugonjwa. Fundi alitega sikio kwanza, bisibisi ikafuata.

Miaka 3 baadaye wakaanza kufika wagonjwa wa kujitakia. Mwaka 1984 ilitoka PC/AT, yenye prosesa ya 80286 iliyokwenda kwa megahezi 6. Mwendo huo ulitokana na kipande kidogo cha kristali ya megahezi 12, kilichochomekwa kwenye soketi bila kulehemiwa. Wenye macho makali wakakiona. Walikichomoa, wakachomeka cha megahezi 16, na mashine ikaenda kwa 8, yaani theluthi moja zaidi ya kasi waliyoinunua. Toleo lililofuata la BIOS, programu inayoiamsha mashine, likaja na mtego: lilipima mwendo wa saa, na likiukuta umezidi, mashine inagoma kuwaka. Hata hivyo, enzi hizo madhara yalikuwa machache. Kompyuta ikizimia, mwenyewe alirudisha kristali ya zamani na kazi ikaendelea. Kukimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani kulikuwa bado hakujaanza kuua.

Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ambayo wapenda kasi wanaikumbuka hadi leo. Ilitakiwa kwenda kwa megahezi 300, kwa kuzidisha mara 4.5 megahezi 66 za njia kuu, yaani njia inayounganisha prosesa na ubao mama. Ukiipandisha njia kuu hadi 100, Celeron ile ile inafika 450, na nyingi zilifika bila kutetereka. Kwenye mbao mama zisizoruhusu badiliko hilo, watu walifunika mguu mmoja wa prosesa, B21, kwa kipande cha utepe chembamba kama ukucha. Wengine walifunika na miguu mingine ili kuipandisha volti kutoka 2.0 hadi 2.2.

Hapo ndipo kazi ya kutafuta ubovu ilipopata fumbo lake la kwanza la maana. Wasiothubutu kufika 100 waliishia megahezi 83. Lakini njia ya PCI, inayobeba kadi na kudhibiti diski, hupata mwendo wake kwa kuigawa njia kuu. Kwenye 83 ilijikuta inakwenda kwa zaidi ya megahezi 41 badala ya 33. Prosesa haikulalamika, ila diski ilianza kuandika takataka. Mafaili yaliharibika na Windows ikakataa kuwaka. Mwenye kompyuta akilaumu diski na kununua nyingine, nayo iliharibu data vile vile. Kilicholia kilikuwa diski, kilichoumia kilikuwa saa.

Kisha ikaja zamu ya moto wenyewe. Prosesa za AMD za mwaka 2000, Athlon na Duron, zilikuwa na vidaraja vidogo vya umeme juu ya uso wao vilivyokatwa kiwandani. Mstari wa penseli ya kawaida uliviunganisha tena, kwa sababu grafiti hupitisha umeme, na kufuli la kasi likafunguka. Penseli ya shuleni ikaingia kwenye kisanduku cha zana. Ila kito cha silikoni cha Athlon kilikaa wazi, bila kofia ya chuma. Ukikandamiza kipoozeo vibaya kona inameguka, na ukikisahau prosesa inakufa. Mwaka 2001 Tom's Hardware, mtandao wa Thomas Pabst, ulionyesha video ya kung'oa kipoozeo mashine ikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo na kuendelea kuishi. Athlon iliungua kwa muda mfupi sana, ikatoa moshi.

Ajali ya namna hiyo haihitaji mpelelezi, kwa kuwa harufu peke yake ni ushahidi tosha. Vilivyowatesa mafundi ni vifo vya kimya. Prosesa ya Pentium 4 iliyoitwa Northwood ilianza kuuzwa Januari 2002, ikihitaji volti 1.5 hivi. Waliopita volti 1.7 walifurahia kasi kwa majuma au miezi, kisha asubuhi moja mashine haikuamka. Prosesa haikuwa na doa wala ufa, wakaviita vifo vya ghafla vya Northwood.

Maelezo yaliyotolewa yalitegemea elimu ya zamani. Mwaka 1969 James Black wa Motorola aliandika jinsi umeme mwingi unavyopita kwenye waya mwembamba na kusukuma chembe za metali kidogo kidogo, kama mto unavyokula kingo zake. Metali hupungua upande mmoja na kulundikana upande mwingine, hadi njia inakatika au inagusa jirani yake. Joto na wingi wa umeme huharakisha balaa hilo, na anayeongeza volti huongeza vyote viwili.

Kana kwamba hiyo haitoshi, miaka hiyo hiyo dunia ilijaa kapasita mbovu. Mbao mama nyingi, zikiwemo za ABIT zilizopendwa mno na wapenda kasi, zilikuwa na kapasita ambazo maji yake ya ndani yalitengeneza gesi. Ukifungua kasha ulizitambua kwa macho. Kifuniko kilichotakiwa kuwa bapa, chenye alama ya msalaba au herufi K, kilikuwa kimevimba kama mkate, na pembeni kuna ute wa kahawia uliokauka. Kijana aliyekuwa ameongeza volti alijilaumu, kumbe kompyuta ingekufa hata asingeigusa. Mwingine alilaumu kapasita, kumbe prosesa yake ilikuwa imeliwa kwa ndani.

Kutokana na misiba hiyo ukajengeka utaratibu ambao mafundi wanaufuata hadi leo. Unaanza na pawasaplai, ikiwa imetolewa kabisa kwenye mashine. Waya wa kijani huunganishwa na mweusi ili iwake, kisha testa husoma waya wa njano: volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Hata ikisoma vizuri haijasafika, maana pawasaplai dhaifu hujikaza ikiwa haina mzigo. Inafuata kufuta mipangilio ya BIOS, kuacha kipande kimoja tu cha RAM, na kuchomeka kadi ndogo inayoonyesha kwa tarakimu mbili ni hatua gani ya kujikagua imekwama.

Mwisho ni hatua ambayo wengi huiruka na kuilipia. Karibu na prosesa kuna safu ya transista ziitwazo mosfeti, zinazoshusha volti 12 hadi kwenye volti 1 na ushee. Ile ya upande wa juu ikipiga shoti, volti 12 zote humiminika ndani ya prosesa. Fundi mwenye haraka huchomoa prosesa iliyokufa, anaweka nzima ili kujaribu, na kwa sekunde moja anakuwa na maiti mbili. Mwenye uzoefu hupima kwanza kwa testa, umeme ukiwa umezimwa, kuona kama njia ya volti 12 imegusana na ardhi au na njia ya prosesa.

Katika miaka ya karibuni ajali zimewafikia hata wasiofungua kasha. Mwaka 2008 Intel iliweka Turbo Boost, prosesa ikajikimbiza yenyewe inapoona nafasi. Aprili 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye kashe ya ziada ziliungua kwenye soketi. Tumbo la prosesa lilituna, na vidoti vyake vya dhahabu viligeuka vyeusi sawasawa na pini zilizoungua chini yake. AMD ikaagiza volti ya sehemu iitwayo SoC isizidi 1.3.

Mwaka uliofuata fumbo la Celeron likarudi. Michezo ya kompyuta ilikatika ikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Macho yote yakaenda kwenye kadi, nayo ilikuwa nzima. Zilizoumia ni prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, zilizokuwa zikijiombea volti kupita kiasi na kukosea hesabu wakati wa kufungua data iliyobanwa. Agosti 2024 Intel ilitoa msimbo mdogo uliopewa namba 0x129, unaofunga ombi hilo kwenye volti 1.55, ikaongeza miaka 2 ya dhamana. Msimbo huo huzikinga zilizo nzima. Zilizokwisha kuumia ziliendelea kukosea, na wenyewe wakazirudisha kubadilishiwa, wengine kadi zao za picha zikiwa zimeshang'olewa bure.