Mikuki Iliyoliwa na Kutu

Silaha za Warumi wa kale twazijua sana kwa kuchimba ardhi. Mwaka 1964, huko Corbridge, Uingereza, lilifukuliwa sanduku lenye vipande vya dirii. Ndipo ikajulikana jinsi zilivyoundwa.

Je, pwani yetu? Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja wa Misri, nchi iliyotawaliwa na Rumi, aliandika kwamba mikuki, mashoka na visu kutoka Muza, Arabuni, viliuzwa Rhapta, pwani hii. Chuma huliwa na kutu, kioo hudumu. Huenda ndiyo maana Profesa Felix Chami, aliyechimba Rufiji, alitangaza mwaka 1999 shanga za Kirumi, wala si mikuki.

Basi, wewe uchimbaye shimo hapa Tandale, ukiona chuma cha kale kilicholika, usikiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kiache palepale, ukawaarifu Makumbusho ya Taifa. Huenda ndicho shahidi wetu.